Wasia wa Dickens, Ranchi ya Trollope

Septemba 1868 Charles Dickens alimwandikia barua kitindamimba wake Edward, kijana wa miaka 16 ambaye nyumbani walimwita Plorn. Safari ya Australia ilikuwa imewadia, na baba alitaka mwanawe awe na maneno yake ya kusoma akiwa baharini. Anamwambia kwamba anampenda. Anamwambia kwamba maisha yamejaa kuagana, na kuagana hakuna dawa ila kustahimili. Anamkumbusha kuwa yeye mwenyewe alianza kujitafutia riziki akiwa mdogo kuliko yeye. Asimpunje mtu katika jambo lolote. Asiwe mkali kwa aliye chini ya mamlaka yake. Asiache kusali faraghani asubuhi na jioni. Kati ya vitabu vyake amemtilia Agano Jipya. Barua ni fupi, haina mzaha hata mmoja, na imeandikwa na mtu aliyetajirishwa na mizaha.

Aliyekulia kwenye tendi haulizi hii ni fani gani. Ni wasia. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti 102. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa na alijua ugonjwa wake unaelekea wapi. Dickens alikuwa bado anasimama jukwaani, ingawa alibakiwa na miaka isiyotimia miwili. Wote wawili wanaanza kwa upendo, wanapita kwenye dini, wanashuka kwenye adabu na namna ya kuishi na watu. Nyuma ya mmoja wamo Luqman wa Kurani na mawaidha yake kwa mwanawe. Nyuma ya mwingine imo Injili, ambayo Dickens alikuwa amewahi kuisimulia upya kwa lugha nyepesi kwa ajili ya watoto wake, kitabu kilichokaa ndani ya familia hadi 1934 ndipo kikachapishwa. (Mwaka uleule wa 1858, Mwana Kupona akitunga beti za kuitunza ndoa, Dickens alikuwa anaivunja yake. Wasia hautolewi na waliofaulu peke yao.)

Tofauti iliyo wazi ni kwamba Mwana Kupona alijua anawaandikia wengi. Anawaalika wanawake wengine wausome utendi wake, na waliitikia: ukanakiliwa, ukahifadhiwa moyoni, ukaimbwa. Dickens aliandika faragha, na ni baada ya kifo chake barua ikawa mali ya umma. Lakini mimi kinachonishughulisha ni jambo ambalo fani hizi mbili zinalingana nalo kabisa. Katika wasia anayesema ni mmoja. Mtoto ameketi, amesimama, ameshika wino au tiketi ya meli, na hajibu. Mwana Hashima aliishi miongo mingi baada ya mama yake, na hatuna ubeti wake hata mmoja wa kumjibu. Shaaban Robert naye alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati alikaa palepale pa Mwana Kupona: mzazi anasema, mwana anapokea.

Australia inatupa nafasi adimu ya kuona upande wa pili. Katika mwaka mmoja, 1865, vijana wawili kutoka Uingereza walipelekwa huko: Alfred, mtoto wa Dickens, na Frederic, mtoto wa Anthony Trollope. Plorn aliwafuata baada ya miaka mitatu. Baba zao walikuwa miongoni mwa waandishi waliosomwa zaidi katika Uingereza ya wakati huo, na walijuana vizuri kiasi cha kuchokozana. Trollope alimkejeli Dickens ndani ya riwaya yake ya The Warden mwaka 1855. Hata undugu wa pembeni ulikuwepo, maana kaka yake Trollope alimwoa dada yake Ellen Ternan, mwanamke ambaye Dickens alimpenda kwa siri. Na huko Melbourne wazee hao wawili walikuwa na rafiki mmoja, George William Rusden, karani wa Bunge la Victoria, ambaye Dickens alimwandikia mara kwa mara kuulizia wanawe.

Kabla ya kuwafuata vijana, tuwaangalie babu zao. John Dickens, baba yake Charles, alifungwa katika gereza la Marshalsea mwaka 1824 kwa sababu ya madeni, na mwanawe wa miaka 12 akapelekwa kubandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu. Thomas Anthony Trollope, baba yake Anthony, alishindwa uwakili, akashindwa kilimo, na mwaka 1834 akawatoroka wadai wake hadi Bruges, Ubelgiji. Mke wake Frances ndiye aliyeiokoa nyumba kwa kalamu, baada ya safari ya Marekani iliyomletea hasara ya biashara na faida ya kitabu. Kwa hiyo mapema maishani waandishi hawa wawili waliona kwa macho yao mzee wa nyumba anavyoanguka kwa deni. Walipowatazama watoto wao wa kiume wakichelewa kuamka, wakifeli mitihani, wakiagiza suti kwa mkopo, hawakuona watoto tu. Waliona babu anarudi.

Dickens alikuwa na wana saba, na karibu wote aliwapa majina ya watu wa kalamu: Walter Landor, Francis Jeffrey, Alfred D'Orsay Tennyson, Sydney Smith, Henry Fielding, Edward Bulwer Lytton. Kumwita mtoto Tennyson kisha kumpeleka achunge kondoo ni jambo ambalo hata yeye, kama lingemtokea mtu mwingine, angelitengenezea sura nzima ya kuchekesha. Walter alipelekwa India akafia Calcutta siku ya mwisho ya mwaka 1863, akiwa na miaka 22 na madeni. Francis alipitia polisi wa Bengal kisha polisi wa farasi wa Kanada. Sydney aliingia jeshi la maji akafia baharini mwaka 1872. Henry peke yake ndiye aliyesoma Cambridge, akawa wakili mkubwa. Ukiiangalia ramani ya ndugu hao unaiona Himaya ya Uingereza jinsi tabaka lao lilivyoitumia: ghala la kuwekea vijana ambao nyumbani hawana pa kuwekwa.

Na ghala hilo Dickens alishalifungua kwenye vitabu kabla hajalifungua kwa wanawe. Mwaka 1850 alilipigia debe katika jarida lake shirika la Caroline Chisholm lililozikopesha familia maskini nauli ya Australia. Pamoja na tajiri Angela Burdett-Coutts aliendesha nyumba ya kuwarekebisha wanawake waliokuwa wamepotea njia, na mwisho wa marekebisho ulikuwa meli ya kwenda makoloni. Katika David Copperfield, iliyokwisha mwaka huohuo, akaisheheneza meli moja watu wote ambao riwaya haikujua iwafanyie nini Uingereza: mvuvi Peggotty na binti aliyeharibiwa, mjane mlalamishi, na juu ya wote Bwana Micawber, mdaiwa asiyetibika, mtoaji wa nasaha za fedha ambaye hajawahi kuzifuata. Micawber akifika Australia anakuwa hakimu, anaheshimika, anayalipa madeni yake.

Sasa, Micawber ni nani? Dickens hakuficha kwamba amemchonga kutoka kwa baba yake, John Dickens wa Marshalsea. Ndiyo kusema mwana alimchukua baba aliyeshindwa, akampeleka Australia kwenye karatasi, na karatasi ikamponya. Miaka 15 baadaye akayachukua yale aliyoyaona ni mabaki ya baba huyohuyo ndani ya wanawe, akayapeleka Australia kweli. Nasema bila kusita: Alfred na Plorn walitumwa ndani ya riwaya. Baba yao hakuwahi kuiona nchi ile. Mwaka 1862 aliitiwa fedha nyingi akafanye ziara ya kusoma hadharani, akafikiri, akaacha. Alichokijua kuhusu Australia ni kile alichokiandika mwenyewe.

Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba katika Great Expectations, iliyochapishwa kuanzia 1860, alishaonyesha upande mwingine. Magwitch, mfungwa aliyehamishiwa New South Wales, anatajirika kwa kondoo na kutuma fedha London zimfanye kijana Pip kuwa bwana. Ubwana wa Pip unanuka kondoo wa mfungwa, na riwaya nzima inatetemeka kwa aibu hiyo. Mwandishi aliyekiona kitabuni kwamba fedha na majeraha husafiri pande zote mbili za bahari, alipofika kwenye familia yake aliiona njia ya kwenda tu.

Plorn hakuwa mtoto wa vitabu. Alikuwa mwoga wa darasa, mpole, kipenzi cha baba. Alipitishwa chuo cha kilimo cha Cirencester kwa muda, kisha Henry akamsindikiza kwenda kupanda meli. Henry ndiye aliyesimulia kwamba pale stesheni baba yao alilia waziwazi mbele za watu, kilio ambacho hakupata kukiona kwake. Kwa hiyo asije mtu akadhani Dickens alimtupa mtoto. Alimpenda, akalia, akamwandikia wasia mzuri kuliko nathari yoyote ambayo Trollope aliwahi kumwandikia mwanawe, akamwacha aende peke yake mahali asipopajua.

Kazi ya kwanza Plorn hakuipenda, akaiacha. Akaishia Momba, karibu na Wilcannia kwenye Mto Darling, magharibi ya mbali ya New South Wales, moja ya ranchi kubwa kupita kiasi za wakati ule. Huko mvua ni ya kubahatisha, na sufu ilipakiwa kwenye meli za gurudumu mto ukijaa. Mto ukikauka, sufu ilingoja. Alfred alikuwa eneo hilohilo akisimamia ranchi ya Corona. Dickens alipofariki tarehe 9 Juni 1870, waya wa telegrafu ulikuwa bado haujaifikia Australia, ungefika miaka miwili baadaye, kwa hiyo dunia ilishamzika Westminster Abbey wiki nyingi wanawe hawajajua kama ni yatima.

Trollope alianza tofauti tangu hatua ya kwanza. Fred ndiye aliyeichagua Australia mwenyewe, na wazazi wakaweka sharti moja la busara: akitimiza miaka 21 arudi nyumbani, aone, aamue tena. Akarudi, akashinda majira ya baridi juu ya farasi akiwinda mbweha, akaamua kwamba bado anaitaka Australia, akaondoka 1869. Baba akampa mtaji, akanunua ranchi iitwayo Mortray karibu na Grenfell. Kisha Trollope akafanya jambo ambalo Dickens hakulifanya. Alikwenda kumtembelea.

Huyu alikuwa mtu wa posta. Alitumikia Posta ya Uingereza miaka 33, na masanduku ya barua yasimamayo kando ya barabara yalianza kutokana na pendekezo lake huko visiwa vya Jersey na Guernsey. Lakini kwa mwanawe hakuuamini waraka. Mei 1871 alipanda meli Great Britain kule Liverpool pamoja na mkewe Rose na mpishi wao, akaagiza ndani ya chumba chake cha melini apigiliwe meza ya kuandikia, na kesho yake meli ilipokuwa imeshika bahari akaanza riwaya ya Lady Anna. Kurasa 66 kila wiki kwa wiki 8, kila ukurasa maneno 250. Kabla ya kuona Melbourne akaimaliza. Mpishi naye hakurudi. Alipata mume huko na akawa bibi wa nyumba yake. Micawber alifanikiwa Australia kwa kalamu ya mtu, mpishi wa akina Trollope alifanikiwa kwa miguu yake.

Kule Mortray, Trollope alikaa wiki kadhaa akiishi maisha ya mwanawe, na katika Australia and New Zealand, kitabu kinene alichokichapisha 1873, ameandika alichokiona bila kukipaka rangi. Nyama ya kondoo asubuhi, nyama ya kondoo mchana, nyama ya kondoo usiku, na kila mara chai. Nyumba ya mbao yenye baraza. Kupanda farasi kutwa kukagua uzio na maji. Kazi ya kukata sufu, ambayo mwaka mzima wa deni huning'inia juu yake. Haitukuzi hali hiyo na haiombolezi. Anauliza maswali ya mkaguzi wa posta: kondoo mmoja anagharimu nini, anatoa sufu kiasi gani, benki inachukua riba gani, na kijana asiye na mtaji atatoka vipi. Majibu hakuyatunga. Aliyapata kwa mwanawe, mezani.

Hapa ndipo ulinganishi wangu unapopata uzito. Kutokana na meza hiyo Trollope aliandika riwaya fupi, Harry Heathcote of Gangoil, baada ya jarida la The Graphic kumwomba hadithi ya Krismasi. Krismasi ya hadithi za Kiingereza aliyeitengeneza ni Dickens, tangu A Christmas Carol ya 1843: theluji, moto wa kuota, bahili anayetubu. Trollope aliichukia biashara hiyo. Akawapa wasomaji Krismasi ya jasho, ambamo moto si wa kuota. Kijana mfugaji, Heathcote, anazunguka malisho yake usiku juu ya farasi kwa hofu kwamba kibarua aliyemfukuza au jirani mwenye kisasi atatupa kiberiti kwenye majani makavu. Nyasi zikishika, kondoo, uzio na mkopo vyote vimekwenda.

Mandhari ameihamishia Queensland, lakini kila mtu alijua Heathcote ni Fred. Na tazama baba anavyomchora. Heathcote ni mchapakazi na mwaminifu, na pia ni mbabe, mwepesi wa hasira, mwenye kuamini kwamba asiyekubaliana naye ni adui. Anamdharau jirani yake Medlicot kwa kuwa amenunua kihalali kipande cha ardhi ambayo Heathcote aliizoea kuiona yake. Riwaya inamfundisha, taratibu, kwamba jirani huyo ndiye rafiki. Wasia umo humo, lakini umepinduliwa: baba ameyasikia kwanza malalamiko ya mwana, ameyaingiza kitabuni kwa sauti ya mwana mwenyewe, ndipo akayajibu. Sijui utendi wa Kiswahili uliokwenda hivyo, na barua ya Dickens haiendi hivyo. Kama sanaa, Harry Heathcote si riwaya kubwa; mapigano yake ya mwisho ni ya haraka haraka na ndoa inayofuata inanukia siku ya kulipwa. Lakini ni kitabu ambacho mzazi ameandika akiwa mwanafunzi wa mtoto, na vitabu vya aina hiyo ni vichache katika lugha yoyote.

Je, yule aliyetembelewa alifanikiwa kuliko yule aliyeandikiwa? Hapana. Ardhi haikutofautisha. Bei ya sufu ilishuka, ukame ukaja, na Fred akalemewa. Mwaka 1875 Trollope alirudi Australia mara ya pili akakuta hakuna la kuokoa. Ranchi ikauzwa, na paundi elfu kadhaa za baba zikapotelea humo. Katika tawasifu yake anaitaja hasara hiyo kwa sentensi chache, kisha anamsifu mwanawe kwa bidii bila lawama yoyote. Ukijua jinsi Trollope alivyozihesabu fedha zake, hadi kuorodhesha kila riwaya ilimlipa kiasi gani, ukimya huo una maana.

Plorn naye alinunua hisa katika ranchi ya Yanda karibu na Bourke, ukame ukamla. Alimwoa Constance Desailly, binti wa mfugaji, mwaka 1880, hawakupata mtoto. Alianzisha uwakala wa mifugo na mashamba, na Alfred akafanya biashara hiyohiyo kule Hamilton, Victoria, ambako mwaka 1878 mke wake Jessie alifariki baada ya farasi wa gari lake kukurupuka. Mwaka 1889 watu wa Wilcannia walimchagua Plorn kuwa mbunge wao katika Bunge la New South Wales. Huko sauti yake inasikika mara moja kwa uhai wote. Mbunge mmoja aitwaye Willis alikuwa akimkatiza kila akisimama, na Plorn akamnyamazisha kwa kuyageuza maneno ya mchukuzi Barkis kutoka David Copperfield yawe kejeli juu ya jina la Willis. Bunge likaangua kicheko. Nimeufikiria sana mzaha ule. Ni mzaha wa baba, wenye mali ya baba, na bado umetoka kwa kijana ambaye shule ilimwona mzito, tena papo kwa papo. Mwaka 1894 akashindwa uchaguzi. Mchezo wa kubahatisha na madeni vilimfuata, Henry akawa anakopwa huko London na kusubiri bure, na Plorn akafariki Moree Januari 1902, hajatimiza miaka 50, katikati ya ukame mkubwa kuliko wote aliopata kuuona.

Mwisho wa kazi zao unafanana kwa namna ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuitunga. Fred, baada ya kupoteza ardhi, aliajiriwa na serikali kuwa mkaguzi wa ardhi. Plorn, baada ya kupoteza ardhi na kiti, aliishia Idara ya Ardhi kule Moree. Sheria ya mwaka 1861 ilikuwa imeruhusu mtu yeyote kuchagua kipande ndani ya malisho ya wafugaji wakubwa, alipe robo ya bei, akae hapo na apaendeleze. Ikazaa uongo mtindo mmoja. Wafugaji wakubwa walichagua kwa majina ya vibarua wao. Wachaguzi wadogo walidai wanaishi mahali wasipolala. Vibanda vilitiwa magurudumu vikasogezwa kutoka kiwanja hadi kiwanja mbele ya mkaguzi. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kusikiliza hadithi na kuamua ipi ni ya kweli. Hebu mfikirie mtoto wa Trollope, juu ya farasi, mbele ya kibanda chenye magurudumu, akiambiwa na mwenyewe kwa kiapo kwamba familia imelala humo miezi sita.

Kuna waliosikiliza hadithi zote hizo na ambao hakuna wasia uliowataja. Ardhi ya Mto Darling ilikuwa na ni ya Wapaakantyi. Ile ya Grenfell ni ya Wawiradjuri. Dickens alimwonya Plorn asiwe mkali kwa walio chini yake, onyo zuri, lakini halikuuliza wamekuwaje chini. Trollope, mwenye kuuliza bei ya kila kitu, alipofika kwa wenyeji wa asili hakuuliza. Alitangaza kwamba hao ni watu wa kutoweka, akafunga sura. Hapa kutembelea hakukumsaidia. Aliyefanya vizuri kidogo alikuwa bwana wa Plorn kule Momba, Frederic Bonney, aliyewapiga picha Wapaakantyi wakiwa watu wenye majina na jamaa zao, na mwaka 1884 akachapisha maelezo juu ya mila zao. Msomaji wa Nakuru au Nanyuki ataijua hali hii bila kuelezwa, maana miongo michache baadaye vijana wa tabaka lilelile, wana wa pili na wa tatu wa mabwana, waligawiwa Nyanda za Juu za Kenya kwa imani ileile kwamba nchi imekaa ikiwasubiri.

Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Alfred aliishia kuvukuta. Akiwa na miaka zaidi ya 60, akiba yake imeyeyuka, aliondoka Australia mwaka 1910 kwenda kuhutubia Uingereza na Marekani juu ya maisha na vitabu vya baba yake. Kumbi zilijaa. Alifariki New York tarehe 2 Januari 1912, wiki chache kabla ya sherehe za miaka 100 ya kuzaliwa kwa Dickens. Mtoto aliyepelekwa mbali ili asiishi kwa jina la baba, mwishowe hilo jina ndilo lililomlisha. Sydney nako walikuwa wamemsimamishia Dickens sanamu bustanini mwaka 1891, ingawa wosia wake ulikataza ukumbusho wowote, na ingawa mguu wake haukupata kukanyaga huko. Plorn alikuwa bungeni wakati huo.

Mwaka 2020 mwandishi wa Australia Thomas Keneally alitoa The Dickens Boy, riwaya ambayo Plorn ndiye msimulizi. Siri inayomtesa kijana wa Keneally ni kwamba kila mtu anayekutana naye porini amesoma vitabu vya baba yake, na yeye hajasoma hata kimoja. Ni wazo zuri, na linampa Plorn ulimi ambao barua ya 1868 haikumwachia. Hata hivyo ni ulimi wa kuazima, umekuja baada ya miaka 150, na kwa kiasi kikubwa bado unazungumza juu ya baba.

Fred hakuandikiwa riwaya na mtu mwingine. Alizaa watoto wengi, akaendelea na kazi yake ya serikali kwa utulivu, akawa mwenyekiti wa bodi ya ardhi, akafariki Sydney mwaka 1910. Kisha bahati ikacheza mchezo. Ukoo wa Trollope ulikuwa na cheo cha baronet cha tangu 1642, ambacho kilikuwa katika tawi la mbali sana na la Anthony. Wenye cheo wakafa bila watoto wa kiume, mmoja baada ya mwingine, mmoja wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi katika karne ya 20 kikavuka bahari kikawaangukia wazao wa Fred, Waaustralia wenye kazi zao za mshahara. Trollope aliandika riwaya 47, nyingi zikiwa juu ya nani atarithi nini na kwa nini hastahili. Habari hii angeipenda, na kesho yake saa 11 na nusu alfajiri, kama ilivyokuwa desturi yake, angekuwa mezani ameshaanza sura ya kwanza.